Aliyekufa Mara Mbili

Haya hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, mwenye darasa la sita na akili za chuo kikuu, nilijifinya.

Bernadetha Kisyeri analima ulezi kwenye miinuko ya Nyanungu, na tangu azaliwe hajainama mbele ya kitu chochote isipokuwa jembe. Kaka yake Nyamhanga alikwenda vita vya Kagera, hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Kwa hiyo kamati ya kijiji ilipojenga mnara wa kumbukumbu, Bernadetha aliwahi kwenda kuusoma kabla ya sherehe. Jina hakuliona. Iliandikwa tu: "Mashujaa wetu 19 hadi 31."

"Shikamoo bibi," alisema Benedicto, mwenyekiti wa kamati.

"Marahaba. Kaka yangu yuko kwenye kumi na tisa, au yuko kwenye hadi?"

"Bibi, hayo ni makadirio. Orodha ya kanisani ina kumi na tisa. Wazee wakaongeza waliowakumbuka."

"Ng'ombe wako wakiibwa, unatangaza kumi na tisa hadi thelathini na mmoja?"

Benedicto akakohoa.

Bernadetha akachukua fimbo na daftari, akapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango swali moja: "Nyumbani mlimwita nani, na padri alimbatiza nani?" Siku ya tatu mambo yakajianika. Kanisani waliandika Vedasto, wazee wakamwongeza Nyamhanga, na ni mtu yuleyule. Kumbe kati ya kumi na wawili walioongezwa, saba walikuwa wameshaandikwa kwa jina la ubatizo. Jumla ishirini na wanne.

"Mmemuua kaka yangu mara mbili," alimwambia Benedicto. "Mimi aliniaga mara moja."

"Tutarekebisha baada ya sherehe, bibi."

Siku ya sherehe akaweka kigoda chake mbele ya mnara, akakaa.

"Bibi, mgeni rasmi yuko njiani."

"Na mimi niko njiani. Anipite."

Hakupitwa. Fundi akaitwa na patasi yake, akaing'oa "hadi" pamoja na namba zake, akachonga majina ya watu ishirini na wanne, kila mtu na majina yake mawili kwenye mstari mmoja.

Juzi nilimsomea haya uani kwake, akipepeta ulezi. Nikafika pale patamu, nikapandisha sauti: "Na umati ulioshangilia siku hiyo ulikuwa watu elfu mbili hadi..."

Bernadetha akaweka ungo chini.

"Hadi?"