Aliyejibu Ndiyo

Wiki mbili zilizopita, katika ofisi moja hapa Nakuru, nikisubiri huduma yangu, niliketi kwenye benchi na vijana waliokuwa wakipigwa msasa kwa kazi ya ulinzi serikalini. Mlango wa chumba cha usaili ulikuwa wazi.

"Umewahi kuvuta bangi?" afisa aliuliza kila mmoja. Walijibu "hapana" kabla swali halijaisha. Kisha akaingia jamaa wa mtaa wa Kaptembwo, akiminya kofia mikononi.

"Ndiyo, madam. Niliiacha siku mtoto wangu alipozaliwa."

Afisa aliweka kalamu chini. "Hiyo pekee haikufungii mlango wa kazi. Uongo ndio ungekufungia. Lakini uamuzi si wangu. Ngoja simu."

Nje, jamaa alisimama akiitazama sare ya askari wa langoni.

"Hiyo naivaa hata ndotoni, mzee," aliniambia.

Mlango wangu ningemwachia huyu alinde. Jana nilimkuta sokoni, simu mkononi. Bado hawajampigia.