Mbavu za Mjukuu

Wenzangu sokoni Kariakoo hufurahi tangawizi ikianza kutoka upesi mezani. Mimi na furaha hiyo tuliachana zamani. Baridi ya kipupwe ikiingia, wateja wanakohoa huku wanachagua malimao, mimi nawapimia kwa hofu. Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mafua yakishafika mezani kwangu, na wodini kwake yapo njiani.

Mwaka mmoja yalipoingia, ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Mtoto wake alizaliwa njiti, kabla ya siku zake, mkono mmoja unamtosha. Tulimlea kifuani kwa kupokezana, mimi na mama yake, mpaka akashika uzito. Baba yake yuko safari za malori. Tulikuwa tunakaa vyumba viwili kwenye nyumba ya kupanga, ukumbi mmoja, uani mmoja na wapangaji wengine.

Wodini wauguzi wakaanza kuanguka kwa mafua. Leo huyu hajaja, kesho yule kapiga simu hana sauti. Waliobaki wakawa wanashika zamu za wenzao, na binti yangu naye akashika, mpaka siku moja akarudi macho mekundu, mwili unachemka. Akasimama uani, hataki kuingia.

"Mama, mchukue mtoto chumbani kwako. Na usinisogelee."

Ikawa anakamua maziwa, anaacha kikombe kizingitini, akiondoka ndiyo naenda kukichukua. Mtoto akisikia sauti ya mama yake ng'ambo ya ukuta, analia. Mimi namfunika, namfunua, namsikiliza pumzi.

Kesho yake mkuu wa wodi akapiga simu. Punde namwona binti kavaa sare.

"Unaenda wapi?"

"Wamebaki wawili, mama. Wodi imejaa."

"Ukawakoholee watoto wa watu?"

"Nitavaa barakoa."

"Barakoa itakusimamisha? Mbona umeshika ukuta? Kaa chini."

Akakaa, akalia. Sikumbembeleza.

Sasa uswahilini kwetu mgonjwa lazima aonwe. Jirani wa chumba cha mbele akaja na shoga zake, wamebeba uji, mmoja anavuta kamasi. "Na mjukuu yuko wapi, tumpakate kidogo?"

Nikasimama mlangoni. "Mgonjwa haonwi. Na mtoto hapakatwi."

"He! Bibi, sisi tumekuja kwa heri."

"Heri iacheni hapo chini, na uji wake."

"Haya. Siku ukifiwa usitupigie hodi."

"Siku hiyo ndiyo naiogopa," nikawaambia. "Ndiyo maana nimesimama hapa."

Wakaenda zao wanasonya. Na bado haikusaidia. Haukupita muda mtoto akakataa maziwa. Nikamgusa shingoni, moto. Mpaka leo sijui mafua yalipita mlango gani. Labda niliyaleta mimi na kanga zangu za sokoni.

Tukakimbilia hospitali, wodi ileile ya binti yangu. Yeye alipanda bajaji ya nyuma, hataki kuvuta hewa moja na mwanawe, na tulipofika akabaki nje, dirishani. Muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana tu, kavaa barakoa, macho mekundu kama ya binti yangu.

"Shikamoo, bibi." Akageuka, akakohoa.

Nikamkumbatia mtoto. "Marahaba. Na wewe unaumwa?"

"Naumwa. Mwenzangu wa mwisho kaanguka asubuhi. Nikitoka, humu habaki mtu."

Miguu ilitaka kugeuka. Nimemzuia binti yangu asije hapa na homa, sasa nimemleta mjukuu kwa mwenye homa. Lakini ningerudi naye wapi?

Msichana akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mimi simgusi. Daktari nimemwita, yuko wodi ya pili. Nawa mikono pale, bibi, mlaze, mfunue kifua. Akivuta pumzi, ngozi kati ya mbavu inabonyea?"

Nikainama. Nilitaka iwe hapana. Nikaangalia tena.

"Mama!" binti akaita dirishani, sauti imekauka. "Sema unachokiona!"

"Inabonyea."

Msichana akafungua oksijeni, akanisogezea mpira wake wa hewa kwa mkono ulionyooka, uso kaugeuzia pembeni. "Hivyo vibomba viwili vidogo, puani. Taratibu, bibi."

"Naweka, mwanangu."

Nikaweka. Daktari alipofika, midomo ya mtoto, iliyokuwa imepauka, ilikuwa inaanza kurudiwa na rangi. Jioni muuguzi wa wodi nyingine akaja kumpokea, na yule msichana akatoka. Nilimwona kwenye ngazi za mlangoni, kakaa kwanza, kashika chuma cha pembeni, hawezi kushuka.

Mtoto alipona. Sasa anakimbia uani anapiga mpira kwenye milango ya watu. Lakini kila tangawizi ikianza kutoka upesi, nafunga meza mapema, nikifika nyumbani namwita. Siku hizi ananyanyua shati mwenyewe, anacheka, anadhani bibi anataka kumtekenya. Mimi sicheki. Naangalia mbavu, pumzi kwa pumzi, mpaka niridhike.