Kiatu cha Farasi cha Onufry Kurzyna

Onufry Kurzyna alikuwa mwungwana wa Mazovia, yaani alilima pekupeku huku upanga wenye kutu ukining'inia kiunoni kwa kamba ya katani. Kijiji chetu kizima tulikuwa waungwana. Nguruwe tu ndio hawakuwa na nembo ya ukoo. Ya Onufry ilikuwa kiatu cha farasi, ncha zikitazama juu. Hakuwa na pesa za kumlipa mchoraji, akapigilia kiatu chenyewe juu ya mlango. Msumari mmoja ukachomoka, kiatu kikapinduka, ncha zikatazama chini.

Jumapili moja kilabuni, Kacper Gnat akapaza sauti: "Bwana ndugu, ncha chini ni nembo yetu akina Gnat! Umeiiba, mtwana wee. Babu yako alichunga bata."

"Na bibi yako ndiye alikuwa bata," akajibu Onufry, akachomoa upanga. Ulikuwa butu, kwa hiyo sikio la Kacper halikukatika. Lilichanika polepole, kama shati kuukuu. Kacper akamvunja meno kwa kigoda. Damu ikaingia kwenye supu ya kabichi, watu wakaendelea kuinywa.

Bwana Hilary, mwenye mazizi aliyofanyia kazi Onufry, akaamuru achapwe. Viboko havikumtisha. Ila kwetu mtwana huchapwa juu ya udongo mtupu. Mwungwana hutandikiwa zulia kwanza. Akilazwa udongoni leo, wanawe ni watwana hadi kiama.

"Zulia la nini?" akauliza Bwana Hilary. "Nasikia nembo si yako."

Onufry akatema jino, akamgeukia Kacper aliyekuja kutazama. "Kacper, ncha zikiwa juu, nembo ya nani?"

"Yenu."

"Na zikiwa chini?"

"Yetu sisi!"

"Na wenye nembo moja ni ndugu, sivyo? Basi ama mimi ni Kurzyna, ama ni ndugu yako wa damu. Chagua, bwana ndugu. Nije kwako Krismasi na watoto?"

Kacper, kitambaa cha sikioni kikivuja damu, akauwazia udugu huo. "Ni Kurzyna! Mwungwana kabisa! Mtandikieni zulia, mumuue!"

Likatandikwa. Wakamchapa mpaka ngozi ikaganda kwenye mijeledi, wakamrudisha kwao juu ya mkokoteni wa samadi. Mkewe, Skolastyka, akambandika majani ya kabichi mgongoni huku Onufry akitafuna mto kwa maumivu.

"Zulia lilikuwa la Kituruki," akanong'ona mama yule, "au lile la jikoni?"

"La Kituruki."

Skolastyka akajifunga kilemba chake cha kanisani, akatoka mbio kwa majirani.