Mama Alivyolipiga Mchanga Gari la Shule

Mama yangu alikuwa hajawahi kumwita fundi. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Bomba likivuja, alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Televisheni ikizima, aliifungua mgongo na kuipuliza vumbi, na ajabu ni kwamba mara nyingine iliwaka. Jino langu la mbele alilitoa yeye, kwa uzi na kitasa cha mlango, mimi nikidhani tunacheza. Ukimwuliza kwa nini, alikutazama kwa mshangao wa kweli: "Sasa nimwite mtu kwa kitu ambacho mikono yangu inakiweza?"

Kazi yake ni kufundisha udereva. Ana shule ya gari moja: mwalimu mkuu ni yeye, karani ni yeye, mfagizi ni yeye. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kiti cha pembeni akiwaambia walinzi, wachungaji na mabibi harusi watarajiwa, "Taratibu, klachi si adui yako." Nusu ya madereva wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Ukitaka kuwajua, angalia wale wanaosimama kabisa kwenye makutano hata kama barabara nzima ni tupu.

Hilo gari nina wivu nalo mpaka leo. Halijawahi kulala bila kuoshwa, hata siku za mvua. Jioni ikifika, Mama hutoa ndoo na sabuni, hulisugua kuanzia paa hadi magurudumu, ndipo anaingia ndani kuuliza kama mimi nimekula.

Mwaka jana mkaguzi wa magari alilizunguka mara mbili, akabonyeza rangi iliyovimba kwenye mlango, na rangi ikapasuka kama ganda la yai.

"Kutu, Mwalimu," alisema. "Imetambaa chini ya rangi kila mahali. Nakupa wiki tatu. Likwanguliwe lote hadi bati, lipakwe upya. Bila hivyo siliruhusu tena kubeba wanafunzi."

Bila gari hakuna shule. Na Mama asiye na shule simjui, wala sikutaka kumjua. Nikamwambia habari za fundi mmoja upande wa viwandani anayepiga magari mchanga: anapuliza chembe kwa nguvu ya hewa, rangi na kutu vinatoka, bati linabaki jeupe.

"Mama, hiyo kazi ina wenyewe," nilimwambia.

"Kwani mchanga ni wake?" akanijibu.

Jumamosi asubuhi nikamkuta uani. Kompresa aliiazima kwa mziba pancha. Mchanga ulikuwa wa jirani aliyekuwa akijenga, toroli mbili zilizojaa, na alikuwa akiuchekecha kwa chekeche letu la unga. Kichwani alivaa kofia ya pikipiki, machoni miwani ya kuogelea, puani kitambaa cha jikoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka tu," alisema. "Jioni utanyamaza."

Mchanga ulikuwa mbichi. Ulitoka bombani mara moja, puu, ukaziba. Akazibua, ukaziba tena. Tukauanika, jua likawa halina haraka, basi tukaubeba jikoni na kuukaanga kwenye sufuria. Ndiyo, tulikaanga mchanga, watu wazima wawili, kila mmoja na mwiko wake.

Ulipokauka, hewa nayo ikaanza vituko. Kompresa ile ilizoea kujaza matairi, si kupambana na gari zima. Ilipuliza nusu dakika, ikaishiwa pumzi, ikatetemeka dakika tano kabla ya kupuliza tena. Kila ilipopuliza, wingu jeupe lilipanda juu ya ukuta na kutua kwa jirani yetu muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa ameanika sare zake zote za kazini.

"Jirani!" alipiga kelele. "Sare zangu zinasimama zenyewe kwenye kamba!"

"Samahani jirani, ni kazi kidogo tu!"

"Kidogo? Nimeutafuna kwenye chai!"

Kufikia Jumapili jioni, boneti na milango miwili vilikuwa vimebaki bati tupu, vinang'aa. Boneti ilikuwa na mawimbi. Penye kutu ngumu Mama alikuwa amesimamisha bomba mahali pamoja mpaka bati likavimba. "Ni mwanga tu unakudanganya," aliniambia, ingawa niliweka kiganja na kuhisi milima na mabonde. Lakini alikuwa na furaha, uso mweupe kwa vumbi, na mimi pia nikafurahi.

Kisha jioni ikaingia, naye akafanya anachofanya kila jioni. Akachukua ndoo na sabuni, akaliosha gari. Akalisugua lile bati tupu kwa mapenzi, akalimwagia maji ya kutosha, akaingia ndani kuniuliza kama nimekula.

Asubuhi gari lilikuwa rangi ya karoti. Kutu mpya, laini, ilikuwa imefunika kila tulichokwangua kwa siku mbili. Mama aligeuza ndoo, akaikalia, akalitazama gari. Nilikuwa na "nilikuambia" imekaa kabisa kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza, kwa sababu sikuwahi kumwona ameishiwa namna ile, na iliniuma.

"Wiki mbili tu zimebaki," alisema mwishowe. "Yuko wapi huyo fundi wako?"

Karakana yake ilikuwa na chumba cha mabati chenye dirisha la kioo. Ndani kulikuwa na mtu aliyefunikwa mwili mzima, kofia kubwa imeunganishwa na mpira wa kumletea hewa safi. Alipotoka na kuivua, akapiga hatua mbili na kuinama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe si yule aliyefeli kurudi nyuma mara tatu?"

"Mara nne, Mwalimu."

Wakacheka wote wawili. Fundi akapitisha mkono kwenye boneti, kicheko kikamwisha.

"Hapa bomba lilisimama. Bati jembamba halisimamiwi, linapata moto linavimba. Na mchanga ulikuwa gani?"

"Wa kujengea."

"Mwalimu! Vumbi lile likiingia kifuani halitoki. Mimi natumia kioo kilichosagwa, na bado sivuti hewa ya chumba hiki. Na hii kutu mpya?"

"Niliosha."

"Kwa maji?"

"Na sabuni."

Fundi akageukia ukutani kidogo, mabega yakitikisika. "Bati tupu haliguswi na maji," alisema aliporudi. "Linapakwa praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku ile ile, hata kabla ya chai."

Kazi ilianza siku iliyofuata. Fundi aliziba vioo na injini kwa nailoni, akang'oa viti na zulia, akapunguza nguvu ya hewa, akaanza kupitisha bomba kama mtu anayepiga pasi shati jepesi. Mama alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha. "Shuka chini! Umeruka kona! Kushoto!" Fundi hakusikia hata moja. Hadi saa sita alikuwa ameshamaliza kazi iliyotushinda siku mbili.

Kisha akaingia ndani ya gari kupiga sakafu. Mara kelele za bomba zikakatika. Akatoka, akavua kofia, na sura yake haikuwa ile ya asubuhi.

"Mwalimu, njoo uone."

Pale penye kiti cha mwanafunzi, puti ya kuzibia matundu ilikuwa imebanduka pande zima, na nyuma yake likatokea gazeti lililokunjwa. Nyuma ya gazeti hapakuwa na kitu. Kulikuwa na shimo pana kuliko sahani, nikaona sementi ya karakana chini.

"Bolti za kiti zilishikwa na ukingo huu tu," alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Gari lingegongwa kidogo, mtu na kiti chake wangeenda pamoja. Nani alikufanyia uhuni huu? Nitajie jina. Huyo si fundi, ni muuaji."

Niliangalia viatu vyangu. Miaka sita nyuma mimi ndiye niliyekunja lile gazeti, Mama akipaka puti, tukicheka, tukasifiana jinsi puti ilivyokaa vizuri. Mama angeweza kutaja jina lolote. Mji umejaa mafundi, nani angekwenda kuuliza?

"Ni mimi," alisema.

Fundi akachuchumaa. Akalitazama shimo, akamtazama mwalimu wake.

"Mimi nilikaa hapa," alisema taratibu, bila kumlaumu. "Miaka minne iliyopita."

"Najua." Mama alikuwa ameshika shavu. "Na yule dada mjamzito. Na mchungaji. Wote hao walikaa hapa, na mimi pembeni nawaambia wasiogope." Mimi nilishikwa na aibu na hofu ya jambo ambalo halikutokea.

"Kata bati lote bovu," alimwambia fundi. "Chomelea jipya. Mimi nakaa nje."

Na alikaa nje, siku tatu, juu ya ubao karibu na geti. Hakusogelea kioo cha dirisha hata mara moja. Nilipomwuliza kama haendi kuangalia, alinijibu, "Anajua anachofanya," akaendelea kumenya chungwa lake.

Wiki ya tatu tukalipeleka gari kwa mkaguzi, rangi mpya ya buluu, boneti imenyooka. Mkaguzi akalizunguka kwa tabasamu, akainua zulia, akagonga sakafu kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo.

"Limepita, Mwalimu. Kazi safi," akasema, na kutoa kalamu.

"Bado," Mama alisema. "Rudi, baba. Hapo chini ya kiti cha mwanafunzi."

"Si nimeshapiga?"

"Umegonga kama unabisha hodi. Piga kwa nguvu. Hapo wanakaa watoto wa watu."

Mkaguzi akanitazama mimi, nikainua mabega. Akapiga magoti, akainua nyundo, akapiga kwa nguvu zake zote. Mama aliinama, akasikiliza, akasema, "Tena."