Usingizi wa Koko Jikoni

Jirani yangu anakausha samaki kwa moshi, na harufu ikipita dirishani najiuliza tena: ni nini hasa kilichokuwa kinamlaza koko, mama yake papa, baba yangu?

Alipotoka Yanonge kuja kukaa kwetu, papa alimpa chumba cha matofali na godoro nene la sponji. Kila asubuhi koko aliamka macho mekundu. "Munirudishe kwetu, hapa usingizi haiko." Papa aliogopa sana, maana miguu ya koko ilivimba na huko hakubaki mtu wa kumtunza.

Mchana mmoja mimi na papa tukamkuta kwenye jiko la nje, juu ya mkeka, chini ya moshi wa samaki, anakoroma.

"Mama! Batu batasema nini? Eti nakulalisha mu jikoni!"

"Hao batu banalala muzuri? Bon, uniache na miye nilale."

Je, ni moshi uliofukuza mbu? Ni mkeka? Au zile kuta za udongo za jiko, zenye ubaridi? Papa hakuuliza. Alikaa mlangoni ili majirani wasimwone mama yake, akaegemea ukuta, na muda si mrefu walikuwa wanakoroma wawili.