Shikamoo ya Mzee Kazungu

Leo mzee wa rika la babu yangu ameniamkia shikamoo, nikakosa pa kuuweka uso.

Niko nyumbani Sabaki, likizo ya mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo. Mzee Kazungu, jirani yetu, kaja na mbuzi aliyevimba tumbo.

"Shikamoo, daktari."

Nyinyi mngeitikia marahaba?

Mwaka mzima nimesoma kemia na seli. Mbuzi hata picha yake sijaonyeshwa darasani.

Nikasema kweli: sijui. Nikampigia daktari wa mifugo, akaja akamtibu. Sasa mbuzi anacheua.

Nikamwambia mzee, "Babu, hiyo shikamoo nipe nikimaliza chuo."

"Mimi nimezeeka, mjukuu wangu. Acha nikupe mapema."

Jumatatu narudi chuoni. Kemia itanitambua.