Katambuga ya Mguu Mmoja

Ulikuwa mwaka ule polony ilipotupwa. Wenzangu wa Johannesburg wanaukumbuka. Ile soseji nene ya rangi ya waridi, kitoweo cha kila asiye na kitoweo, ilisemwa ina ugonjwa, maduka yakaimwaga, na hata kota, ile robo ya mkate iliyochimbwa ndani ikajazwa chipsi, ikawa inauzwa bila polony katikati. Kwetu Jeppestown tulikula pap, ugali wa huku, na maharage, kesho yake maharage na pap. Na baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kukata masikio. Asubuhi moja nimekaa kwenye ngazi naota jua, ikanifikia harufu ya mpira unaochomwa na chuma cha moto. Sikuinuka. Nilirudi utotoni nikiwa nimekaa palepale, kikombe cha chai mkononi.

Utoto wangu nao naujua kwa chakula. Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ugali wake unanuka kama gunia. Nilikuwa na miaka tisa hivi, hakuna aliyeandika. Tulikaa milima ya Usambara, mahali ambapo mvua ikianza hata mbuzi hutembea kwa adabu. Baba yangu alikuwa fundi wa tairi. Alikata katambuga, vile viatu vya tairi kuukuu ambavyo humzika mtu na bado vikabaki. Lakini kazi iliyotulisha hasa ilikuwa kuchonga kashata.

Kashata za tairi ni yale matofali ya mpira yaliyoinuka, yanayoing'ata barabara. Zikiisha, tairi huwa kipara. Baba alichukua hicho kipara, akapasha kisu chake kilichokunjwa ncha, akachonga mifereji upya mpaka ungeapa tairi limetoka melini jana. Mpira haukuongezeka hata chembe. Alichokuwa anakata ni ngozi ya mwisho kabla ya nyuzi. Kwa mkokoteni wa punda, sawa. Kwa gari linaloshuka mlima kwenye udongo mwekundu uliolowa, hilo ni jeneza lenye upepo ndani.

Tatizo moja: mpira uliokatwa leo hung'aa. Mwenye macho ataona. Kwa hiyo mfereji hupakwa masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nyonyo, mpaka jeraha jipya lionekane la zamani. Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Aliifanya miaka mingi bila neno, wateja wakiwa watu wa mbali.

Siku hiyo matairi manne yalikuwa ya baba mdogo Hizza, mdogo wake baba, tumbo moja. Alikuwa amepata Landrover iliyochoka, anataka kuteremsha kabichi na mapeasi sokoni, na masika yalikuwa yamebisha hodi. Alimwambia baba, "Kaka, nitafutie tairi za matope. Zile za kung'ata. Wewe ndiye mwenye macho." Akacheka, akanivuta sikio, akaenda zake kutafuta mafuta ya gari. Baba akachonga. Mimi nilipepea mkaa. Kisha akamsogezea mama kibuyu cha masizi.

Mama alikuwa anachochea moto jikoni, ametupa mgongo. Hakugeuka. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mafiga:

"Sipaki mimi. Pakeni wenyewe."

Baba alidhani mama hakumsikia vizuri. "Mama Zubeda, nimesema paka."

"Sipaki mimi. Pakeni wenyewe."

Baba hakuwa mpigaji. Alikuwa na lake baya zaidi: alijua kuchekesha watu juu yako. Alichovya kiganja chote kwenye masizi, akamshika mama kidevu, akamkandika shavu zima, kuanzia jicho hadi taya. "Haya," alisema, "malkia hataki kuchafuka." Akanitazama. Nikacheka. Msinihurumie, nilicheka kwa moyo wote. Halafu akanipa kibuyu akasema vidole vyangu vidogo vitafika mahali ambapo vya mama havijawahi kufika.

Nilipaka. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya vizuri kama ile. Nilipitisha kidole cha shahada kila mfereji, nikafuta ziada kwa kitambaa, nikarusha vumbi juu, nikapuliza vumbi kwa mdomo. Baba aliligeuza tairi juani, akatafuta ung'aavu, akaukosa. Akaniita fundi. Hadi leo, mwanamke mwenye wajukuu sita, hakuna jina lililonivimbisha kifua kama hilo.

Baba mdogo aliporudi kuchukua matairi yake, mama alikuwa bado hajanawa. Sijui kwa nini hakunawa. Alimletea maji ya kunywa na lile shavu jeusi. Baba mdogo akaangua kicheko.

"He, shemeji! Leo umegombana na chungu?"

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, hata kicheko cha baba mdogo kikaanza kutafuta pa kukaa. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na matairi.

"Chungu kimenishinda, shemeji," alisema. Akachukua bilauri, akaingia ndani.

Landrover iliteleza wiki ya pili ya mvua, kwenye kona iliyo juu ya mto. Ilijiviringisha na kabichi zake, ikamlalia baba mdogo mguu wa kushoto tangu asubuhi hadi watu walipopata kamba za kutosha. Mguu ulikatwa juu ya goti. Kijiji kizima kilisema ni udongo, ni mvua, ni Mungu. Baba alilisema hilo kuliko wote, kwa sauti ya juu kuliko wote.

Sasa sikilizeni ukatili wenyewe, maana huo wa kwanza ulikuwa ajali tu. Gari lilipovutwa juu, baba alichukua tairi moja kati ya yale yale manne, akakata katambuga. Moja. Ya mguu wa kulia. Akaishona vizuri, mikanda miwili, akanituma mimi niipeleke. Baba mdogo Hizza aliipokea kwa mikono miwili, akalia. "Kaka yangu ana moyo," alisema. Akaivaa mbele yangu, akasimama kwa gongo lake, akaruka hatua tatu uani na kunicheka jinsi nilivyokodoa macho. "Umeona, fundi? Tairi hili haliwezi kuniangusha!"

Alivaa hiyo katambuga miaka na miaka. Ikichakaa, baba alimkatia nyingine kutoka tairi lilelile. Asubuhi baada ya mvua, njia ya kwenda kisimani ilikuwa na alama zake: tundu la gongo, kisha mchoro wa kashata. Tundu, kashata. Tundu, kashata. Mifereji ile niliitambua kwa kona zake. Nilijifunza kuruka juu yake nikiwa na ndoo kichwani, nisiikanyage. Baba alikufa anashukuriwa. Na baba mdogo ndiye aliyemsomea dua kwa sauti kubwa kuliko wote.

Niliijua kweli nikiwa mtoto. Kosa langu halikuwa kutojua. Utotoni nilidhani siku ile mama alishindwa, ndiyo maana alipakwa. Nilipoolewa nikabadili, nikamwona shujaa, mwanamke pekee nyumbani kwetu aliyekataa. Nilijivuna naye miaka mingi. Ndipo pale kwenye ngazi za Jeppestown, pua imejaa harufu ya mpira, nikaona kitu cha tatu, nacho sikukipenda. Mama alikataa akiwa ameelekea moto. Mikono yake ilibaki safi, yangu ikachukua masizi, na mtu aliyehitaji kusikia alikunywa maji akaenda zake.

Harufu ilikuwa inatoka kibandani kwa mwanangu Salehe, anayeuza matairi ya mitumba kando ya barabara. Nilishuka. Mteja alikuwa amekaa kwenye kreti anakunywa chai: Mwanaidi, binti wa Tanga, anayenunua majaketi na mablanketi Fordsburg na kuyapandisha kwa pikapu kwenye milima ya Lesotho, ambako theluji ilikuwa imeshaanguka.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Nichagulie wewe. Nataka tairi za theluji na njia za mawe. Mwanao ana maneno mengi kama redio."

"Marahaba. Theluji sijawahi kuikanyaga," nikamwambia, "ila utelezi ni utelezi." Nikamfundisha, maana naringia vidole vyangu. Mpira uwe laini, kucha iache alama hata asubuhi ya baridi. Mashavu manene kwa ajili ya mawe. Juu ya kashata kuwe na vipasuo vyembamba, ndivyo vinavyoshika theluji. Tazama ubavuni namba ya wiki na mwaka, tairi lililozeeka hugeuka ubao. Na ndani ya mfereji kuna vinundu vidogo vya kiwandani. Vikikosekana, kisu kimepita.

Salehe akanivuta nyuma ya kibanda. Matairi manne yalikuwa yamelazwa, mazuri, makali, mifereji inang'aa kama samaki. Hakukuwa na kinundu hata kimoja. Akaniwekea mkononi kopo la rangi ya viatu, nyeusi.

"Eish, mama, pitisha tu mle ndani haraka. Vidole vyako vinaingia kuliko vyangu. Anakuamini wewe."

"Anapanda mlimani, Salehe."

"Kila mtu anapanda mahali, mama. Tunakula nini?"

Nilimtazama, nikaona kidevu cha baba yangu. Tangu siku ile hadi baridi ilipokwisha hakunisemesha, na alinunua chakula chake nje, changu kikalala kwenye sufuria. Mwanaidi alikwenda kutafuta matairi kwingine. Wajukuu waliniuliza kwa Kizulu nimemfanya nini baba yao. 

Yote hayo ni kwa sababu siku ile sikubaki nyuma ya kibanda. Nilichovya vidole vinne kwenye lile kopo, nikajikandika shavu mwenyewe, kuanzia jicho hadi taya, nikatoka mbele, kwenye jua, mahali Mwanaidi alipokuwa amekaa na kikombe chake. Akaanza kucheka. Nikaliweka kopo miguuni pake, nikageuka nimtazame mwanangu, na nikasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara:

"Sipaki mimi. Pakeni wenyewe."